Peugeot ya viti saba: shajara ya uani kwetu, Malindi

Januari, kaskazi imeshika

Leo tumelishusha gari kutoka juu ya mawe. Ni Peugeot 504 ya steshenwagoni, ile yenye safu tatu za viti ambayo Wafaransa wenyewe waliiita Familiale. Hapa Malindi jina hilo halikuwa na kazi. Ilikuwa Peugeot ya viti saba, na siku za sikukuu hao saba waligeuka tisa, mbali na kuku na gunia la maembe juu ya keria. Baba aliiendesha njia ya Mombasa, kilomita kama 120 kwenda tu, tangu zama za kivuko cha Kilifi. Daraja lilipofunguliwa mwaka 1991 yeye ndiye mtu pekee ninayemjua aliyelalamika. Kivukoni ndiko alikokuwa akinunua korosho na kusikia nani kaoa na nani kafilisika. "Daraja halina mazungumzo," husema mpaka leo.

Wanaotarajia picha za gari linalong'aa niwaambie mapema: mambo ya rangi simo. Nataka liwake, lishike barabara, lisimame kwa breki zake na lipite ukaguzi. Yaliyobaki ni ya Mungu na ya mama, kwa kuwa ua ni wake na ameshasema anautaka wa kuanikia.

Injini haijanitisha. Kinachotisha ni kutu. Sisi tuko karibu na bahari kiasi kwamba ukiacha kisu nje usiku mmoja, asubuhi kina madoa. Juu ya hayo, baba alipostaafu, mjomba aliliazima gari akabebea magunia ya chumvi kutoka Gongoni. Mjomba tunampenda sana. Lakini magunia ya chumvi, ndani ya gari la abiria, na viti vya nyuma vimekunjwa! Chumvi imepenya chini ya mikeka ya mpira, ikanywa unyevu wa hewa, ikakaa pale ikila sakafu taratibu huku juu kukionekana kuzuri.

Binti yangu, aliye kidato cha pili, ndiye mkaguzi mkuu wa bodi. Anagonga kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza. Penye bati zima panalia, penye kutu panajibu kwa sauti butu. Halafu anapitisha sumaku aliyopewa na Bwana Redio wa barazani kwetu, iliyotoka kwenye spika iliyokufa. Sumaku haishiki puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bati. Kwa njia hiyo tumegundua kwamba kizingiti chote cha mlango wa kushoto nyuma ni puti na rangi tu, bati lilishakwenda zake zamani. Fundi aliyekifanya alikuwa msanii, sina ubishi, ila alifunika kutu hai, na kutu hai ikifunikwa haifi.

Januari, jioni barazani

Kwa wasiotujua: baraza letu lina Mwalimu mstaafu, ambaye hukusanya sarafu na stempu, Bwana Redio, mwenye chumba kizima cha Philips, Grundig na National za zamani ambazo nusu yake zinaimba, Kepteni, aliyekuwa nahodha wa mashua na sasa anachonga majahazi ya mfano yenye tanga na foromali kamili, na ami yangu, mdogo wake baba, aliyefanya kazi melini akarudi na masanduku ya vigari vya kuchezea. Ami ana Matchbox na Majorette na Dinky, vingi bado vimo kwenye vijisanduku vyake. Mtoto haruhusiwi kuvigusa. Hata mimi, mwenye ndevu nyeupe, naruhusiwa kutazama tu.

Mada ya leo ilianza kwangu ikaishia kwake. Nilisema gari hili halikuuawa na safari. Lilikwenda Mombasa na kurudi miaka na miaka, likapigwa na mvua na vumbi, na lilikuwa zima. Liliuawa na kusimama. Gari linalotembea hukauka: injini inapasha, upepo unapita chini, mafuta yanazunguka. Linalosimama pwani hii hunyonya chumvi usiku na mchana.

Ami alicheka. "Kwa hivyo mwanangu wataka nivitoe vigari vyangu vikakimbizwe mchangani?"

"Sijasema hivyo, ami."

"Umesema. Kigari kilichokwanguka rangi nani atakitaka?"

Mwalimu, ambaye hakosi la kuongeza, akamkumbusha kuhusu Dinky zake mbili za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Zilikuwa zimefungwa vizuri kwa pamba, hazikuguswa, na bado zilipasuka zenyewe. Si laana. Vigari hivyo humiminwa kwa zinki, na zinki ya zamani ikichanganyika na risasi kidogo tu huanza kuoza kutoka ndani, ikavimba, ikapasuka kama udongo mkavu. Joto na unyevu huharakisha. Yaani kukiweka sandukuni Malindi si kukihifadhi, ni kukichelewesha.

Ami alinyamaza akamimina kahawa. Nilijua hajashindwa, anatafuta jibu.

Februari

Mengi yamefunguliwa. Kila skrubu imo kwenye mkebe wa maziwa wenye karatasi ya binti: "mlango kulia mbele", "dashibodi chini", na mmoja ulioandikwa "sijui, muulize babu".

Wakati wa kung'oa mkeka wa mbele tulikuta kitu ambacho baraza zima limekijadili wiki hii. Chini ya skrubu inayoshika bamba la pedali palikuwa na washa (kibati cha duara kinachokaa chini ya skrubu) pana ya rangi ya shaba. Binti akaisugua kwa kidole. Ni senti tano ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati na pembe za ndovu zilizolizunguka, ya mwaka 1964.

Mwalimu alikuja mbio hata kofia kaisahau. Akatueleza, akiwa amepiga magoti kwenye mafuta na kanzu yake nyeupe, kwamba sarafu zenye tundu za miaka ya nyuma zina jina la mfalme au malkia wa Uingereza. Kenya ikapata uhuru Desemba 1963, na zile za 1964 zikatoka bila jina la mtawala yeyote, ziliandikwa tu Afrika Mashariki kwa Kiingereza. Sarafu za Kenya yenyewe, zenye sura ya Jomo Kenyatta, zikaanza 1966. Kwa hiyo hii ni ya ule muda mfupi wa katikati, wakati bendera ni yetu na senti bado ni ya watu wote wa eneo hili. Si adimu sana, akakiri mwenyewe, lakini hii ina alama ya skrubu, na alama hiyo hakuna mkusanyaji mwingine aliye nayo.

Akatoa ahadi: washa mpya za chuma cha pua, pakiti nzima, abadilishane.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba chini ya mkwaju. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini masikio ni yale yale. Akauliza, "Hiyo senti iko wapi?" Nikamwambia iko mkononi mwa Mwalimu. "Mwambie airudishe. Hiyo iko kazini."

Tumeirudisha. Mwalimu ameipiga picha ikiwa mahali pake, pande zote mbili, kisha akaondoka bila kumaliza kahawa. Mimi niko na baba kwenye hili. Senti ile ikiingia kwenye albamu itakuwa ya mia na kitu, haina la kusimulia. Ami yuko na Mwalimu, bila shaka. Bwana Redio hana upande, yeye kila kitu hukipima kwa kuuliza kama kinalia.

(Mwalimu, kwa haki yake, ana kanuni anayoisimamia. Msimu uliopita kijana mmoja alimletea kisarafu chenye tundu la mraba kutoka upande wa Mambrui. Wengi mnakumbuka kwamba mwaka 2010 wataalamu wa Kenya na China walipata huko sarafu ya China ya enzi ya mfalme Yongle, yule yule aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Mwalimu hakukigusa kisarafu kile. Alimshika mkono kijana wakaenda pamoja makumbusho, kwa kuwa vya ardhini vya kale sheria inasema ni vya nchi.)

Ramadhani, siku za mwanzo

Kazi ni ya usiku, baada ya tarawehe, kwa taa ya kuning'iniza. Fundi wetu, Mgiriama wa Ganda ambaye hafungi saumu, anakuja mchana anachomelea kisha jioni ananiachia orodha. Sakafu ya nyuma yote imekatwa. Bati jipya limeingia vipande vitatu, kizingiti kimeundwa upya, na pale gurudumu linapokaa tumeongeza kiraka cha ndani.

Bati jipya nalo litaliwa tusipolitia kitu. Rangi ya redoksaidi inafika panapofikika, lakini ndani ya vizingiti, ndani ya mihimili iliyofungwa, brashi haiingii. Nikawa nasoma kuhusu nta za kupuliza zinazouzwa ng'ambo. Bei yake ilinifanya nifunge ukurasa.

Kepteni ndiye aliyelitatua. Alikuja baada ya futari, akainama, akatia kidole kwenye tundu la kizingiti. "Chombo chetu hupakwa nini?"

"Sifa, Kepteni."

"Sasa wewe wahangaika nini?"

Kwa wa bara wasiojua, sifa ni mafuta ya maini ya papa. Jahazi na mashua hupakwa sifa ubavuni ili mbao zisikauke zikapasuka na maji yasipenye, na sehemu inayozama majini hupakwa deheni, chokaa na shahamu. Nilidhani ananitania. Lakini mpwa wangu wa Lamu, ambaye anatengeneza mashine za boti na alikuwa amekuja kutufuturisha samaki, akasema yeye anaijua hiyo: huko wazee hupaka sifa hata kwenye bolti za mashine. Mafuta ya samaki yanatambaa yenyewe, yanaingia kwenye ufa mdogo kabisa, halafu yanakauka polepole na kuacha ngozi laini inayozuia hewa na maji. Nta hukaa ulipoiweka, sifa inatafuta njia.

Basi tumetia sifa. Mpwa aliipasha kidogo iwe nyepesi, akaipuliza kwa kompresa kupitia mpira mwembamba, ndani ya kila mhimili, mpaka ikawa inadondoka kwenye matundu ya kutolea maji.

Harufu sitaielezea. Paka wa mitaa ya Shela, Maweni na Barani walikutana uani kwetu, wakakaa wamelizunguka gari wakilitazama. Mama alitoka jikoni na kaniki puani, akatutazama mmoja mmoja, akasema maneno mawili tu: "Mimi naondoka." Alikwenda kulala kwa dada yake. Alirudi kesho yake kwa sababu sifa ilikuwa imefika na huko kwa upepo.

Fundi anasema itapungua baada ya wiki chache. Kepteni anasema ni harufu nzuri, ya chombo kinachotunzwa.

Ramadhani, kumi la katikati

Injini. Hii ni ya ujazo wa sisi 1971, yaani silinda za milimita 88 kwa mwendo wa 81. Nayataja kwa sababu duka moja Mombasa lilinitumia gasiketi ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya milimita 84, ya injini ndogo ya sisi 1796. Kwa macho zinafanana. Ukiiweka, ukingo wake unaingia ndani ya silinda, na ukiwasha unajitafutia makubwa. Mwenye kununua spea za 504 apime tundu kwa rula kabla hajalipa, asikubali neno "ni ile ile". Duka lilibadilisha, lakini nauli ya basi ilikuwa yangu.

Hedi ni ya alumini na bloku ni ya chuma. Hapo ndipo lilipo tatizo la magari yote ya zamani ya mji huu. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na watu walijaza rejeta kwa maji ya kisima. Alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Njia za maji kwenye hedi yetu zilikuwa zimepanuka na kuchongoka, mbili zikikaribia ukingo wa gasiketi. Imechomelewa kwa gesi ya argoni na kuskimiwa Mombasa. Kuanzia sasa ni maji yasiyo na chumvi na dawa ya rejeta, na nimeshaandika hivyo kwa rangi nyekundu juu ya kifuniko ili mjomba asome.

Jambo jingine ambalo wageni wa injini hii hawalijui: silinda zake ni silivu za kuchomoka, zinazozungukwa na maji moja kwa moja, na chini zimekalia siti nyembamba tu. Hedi ikiwa imetoka, usizungushe krenki kabla hujazibana silivu kwa bolti na washa pana. Zikinyanyuka hata kidogo, siti ya chini inaharibika, na baadaye unakuta maji kwenye mafuta na huelewi yamepitia wapi. Na wakati wa kufunga, kila silivu lazima ichomoze kidogo juu ya uso wa bloku, ili hedi iikandamize yenyewe. Ikizama, gasiketi haibani.

Baba alisimamia yote haya kutoka kwenye kiti. Fundi alipoanza kurekebisha valvu, akisema "silinda namba moja iko juu", baba akauliza, "Namba moja ipi?"

"Hii ya mbele, mzee."

"Peugeot yahesabu kutoka nyuma. Moja iko kwa flaiwili."

Fundi alinitazama. Nikachukua kitabu, na ndivyo kilivyoandikwa: moja ni ile ya upande wa flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Mpangilio wa moto, 1-3-4-2, hauathiriki ukihesabu kutoka upande wowote, geuza utaona unarudi pale pale. Ndiyo maana mafundi wengi hawagundui. Lakini ukipanga valvu au distributa kwa kufuata kitabu, na moja yako ni nne ya kitabu, utahangaika mpaka usiku. Fundi amemnunulia baba tambuu. Tangu siku hiyo humwita Injinia.

Kumi la mwisho

Feni. Peugeot hii ina feni ya sumaku-umeme: inazunguka bure injini ikiwa baridi, maji yakipata moto swichi inapeleka umeme, sumaku inaibana feni na mkanda, inavuma. Ufundi mzuri, na mafundi wengi wa mjini waliuua kwa kuzibana kabisa kwa bolti. Yetu ilikuwa haijabanwa ila brashi ya kaboni ilikuwa imekwisha. Haipatikani. Bwana Redio akachukua brashi ya drili mbovu, akaisugua kwa msasa juu ya kioo mpaka ikaingia. Kazi ya nusu saa, na muda wote huo alikuwa akisikiliza taarifa ya habari kwa redio aliyoibeba kwapani.

Usiku wa ishirini na saba hatukufanya kazi.

Shawwal

Idi ilikuwa njema. Dada na wanawe walikuja kutoka Lamu, na gari likageuka uwanja wa michezo. Mjini Lamu vichochoro ni vya punda na wapita njia, kwa hiyo kukaa mbele ya usukani kwa watoto wale ni sikukuu peke yake. Waligombania gea. Gea ya gari hili iko kwenye usukani, na yule mdogo alikuwa akiivuta akipiga kelele "Mokowe! Mokowe!" kama kondakta aliyemwona upande wa pili wa maji.

Ami alikuwa amekaa akiwatazama. Baadaye, bila kusema kitu, alikwenda nyumbani akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na Majorette kumi na kitu, zile ambazo vijisanduku vyake vililiwa na mende. Akawamwagia watoto mchangani.

Sikuthubutu kumtazama usoni. Alipokuja kukaa karibu yangu alisema, "Hivyo havina sanduku. Vyenye sanduku havitoki." Sawa, ami.

Kwa kuwa rali ya Safari kwa miaka mingi ilikuwa ya Pasaka, na mwaka huu Pasaka na Idi zimefuatana, barazani hapakuwa na habari nyingine. Fundi ni mtu wa Datsun, anahesabu ushindi wa Shekhar Mehta: 1973 na 240Z, kisha minne mfululizo 1979 hadi 1982 na Violet. Baba humjibu kwa 404, 1963, halafu 1966, 1967 na 1968. Nikatia 504 ya Ove Andersson, 1975. Mwalimu akauliza na 1978 je? Nikasema ndiyo, Jean-Pierre Nicolas. Akasema ile ilikuwa kupe ya V6, haihusiani na kigari chako cha sifa. Hapo kahawa ikaisha.

Baba alibaki kwenye 404. Alianzia kazi kwenye hiyo, ya mwajiri wake. Difu lake, gia za ekseli ya nyuma, lilikuwa la parafujo, si la meno ya kawaida, na lilitaka mafuta yenye asili ya mbarika. Ukilitia mafuta ya magari mengine linalia, kisha linanyamaza moja kwa moja.

Mei, mvua za mwaka na kusi

Wiki za kukaa ndani. Upepo wa kusi unaleta chumvi moja kwa moja kutoka baharini. Kila asubuhi binti anapitisha kitambaa cha maji baridi chini ya milango kama mpwa alivyomfundisha, kwa kuwa watu wa boti huosha mashine kwa maji matamu kila wakitoka baharini, wachoke wasichoke. Sakafu mpya haina hata doa. Sifa imekauka. Paka wawili wamebaki, wale tumewakubali.

Breki: mbele diski, nyuma dramu. Silinda ndogo za nyuma zilikuwa zimeganda. Mipira mipya imepatikana Nairobi kwa bei ya kuumiza, na nimelipa. Kwenye breki sibanduki, washa ya sarafu ndiyo lakini breki si mahali pa kubuni. Springi za nyuma ziko nne, mbili kila upande. Steshenwagoni haina miguu ya kujitegemea ya saluni, ina ekseli nzima iliyokalia springi hizo, na ndizo zilizobeba wale tisa na kuku wao. Moja ilikuwa imevunjika koili ya chini. Mjomba ameinunua mpya kwa pesa zake na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Juni

Liliwaka mwanzoni mwa mwezi. Moshi mzito kwanza, ni mafuta niliyotia kwenye silinda, halafu ukawa mwepesi. Baba akasema kimya! Tukanyamaza wote. Akasikiliza. "Valvu moja imelegea. Ya pili kutoka kwa flaiwili." Tukaipima, kweli ilikuwa na nafasi kubwa mno.

Jumapili tukalipeleka Mambrui kwa shangazi. Baba mbele na mimi, mama katikati na binti na mjomba, nyuma kabisa ami na Kepteni, magoti yamewagusa videvu. Mwalimu na Bwana Redio walifuata kwa pikipiki kwa sababu viti vilikwisha, na Mwalimu alisema anataka kuona kitu kikidondoka. Daraja la Sabaki tulipita kwa gea ya tatu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yanaingia baharini mbali. Sindano ya joto ilipanda, ikasimama, feni ikavuma, ikashuka. Bwana Redio alinyoosha kidole gumba kutoka kwenye pikipiki, sijui aliisikiaje katika upepo ule.

Ami alikuwa akilalamika njia nzima kuhusu kiti cha nyuma. Alisema hakuna binadamu aliyekusudiwa kukaa pale. Mama akamwambia yeye alikaa hapo akiwa na mimba ya miezi minane, kutoka Mombasa mpaka Malindi, na kivukoni wakangoja saa tatu. Ami akawa mpole.

Yaliyobaki: mpira wa kioo cha mbele umekauka na mvua inaingia miguuni kwa dereva. Mkono wa kushushia kioo cha mlango wa kulia nyuma haupo, kwa sasa tunatumia koleo. Taa moja ya breki inawaka inapotaka. Ukaguzi ni mwezi ujao. Na tunatafuta foronya ya kiti cha safu ya tatu, ile ya plastiki ya kahawia yenye mistari. Hata iliyochanika tutaichukua, mama ana cherehani.